Haetae Wawili wa Alby

Mama Zuhura alitimiza miaka themanini Jumamosi iliyopita, na binti yake Saada akamkodia ukumbi pale Hallunda, akaleta biriani ya masufuria matatu na keki ya Kiswidi yenye krimu ambayo wazee waliitazama tu kwa adabu. Mimi nilichelewa, kama kawaida yangu. Nilipofungua mlango wa ukumbi, nilitazamwa kwanza na macho mawili ya duara, makubwa kama visahani, chini yake pua pana, safu ya meno, na kengele nyekundu shingoni. Mnyama huyo alikuwa kwenye kanga, kiunoni mwa bibi wa siku. Alikuwa amefifia, pindo limelika kwa kufuliwa, lakini bado alinitazama kama anayenidai maelezo. Nikaduwaa pale mlangoni na zawadi yangu mkononi. Mnyama yule nilimchora mimi, nikiwa na miaka ishirini na minne, na sikujua kama bado yuko hai. "Foibe, ingia au toka," Mama Zuhura akasema kutoka kwenye kiti chake pembeni mwa mlango. "Unatuingizia baridi." Watu wakacheka. Nikaingia, nikambusu mkono, na moyoni nilikuwa nimesharudi Alby, ghorofa ya tano, mwaka ule ambao peke yake ndio ulionifanya niwe huyu niliye.

Nilikuja Stockholm kwa kozi ya mwaka mmoja ya kuchapa vitambaa. Nyumbani nilikuwa mchoraji kiwandani Morogoro, nachora kanga: maua, korosho, majogoo, na picha za viongozi wakati wa sherehe. Nilijiona bingwa, na nisiseme uongo, nilikuwa bingwa. Shule ilikuwa kusini mwa jiji, na chumba nilipanga kitongojini Alby, kwa Mama Zuhura, mwanamke wa Tanga aliyekuwa mpishi katika shule ya chekechea. Saada alikuwa na miaka minane wakati huo. Mama yake akimsemesha Kiswahili, yeye hujibu kwa Kiswidi, "ja, mamma", ndiyo mama, huku akiendelea na yake. Pale mlangoni, ndani, palikuwa na kigoda na meza ndogo ya simu, na hapo ndipo Mama Zuhura alipokuwa akikaa baada ya kazi, mikono kifuani, macho yamemtoka. Hakuna aliyeingia bila kupita mbele ya kile kigoda. "Umetoka wapi? Na nani? Mbona viatu vina matope na leo hakunyesha?" Aliyemaliza sukari alimjua kwa kumtazama tu, hakuhitaji kuuliza mara ya pili. Nilikuwa nikimwogopa kuliko nilivyowahi kumwogopa mkurugenzi wa kiwanda. Lakini akishakupitisha, basi umepita: mbele yako uji wa pilipili manga, mkate wa kumimina, na samaki wa barafu wa dukani aliyetiwa tui la kopo, ambaye Mama Zuhura aliapa kwamba ni changu wa Tanga.

Mwisho wa kozi, kila mwanafunzi alitakiwa kuonyesha kazi moja, na jopo la watu watatu lingemchagua mmoja wetu apewe meza katika karakana ya shule kwa mwaka mzima. Meza, fremu, rangi, na ufunguo wa mlango. Kwa wenzangu ilikuwa bahati njema. Kwangu ilikuwa kila kitu, kwa sababu kibali changu cha kuishi kilikuwa kinaisha pamoja na kozi, na bila meza ile ningerudi kiwandani kuchora majogoo hadi nizeeke. Sikutaka tena majogoo. Nilikuwa nimeonja kuchora kitu ambacho hakuna aliyenituma kukichora, na ukishaonja hilo umekwisha.

Jirani yangu wa meza alikuwa Annika. Alizaliwa Korea, akaletwa Uswidi akiwa mtoto mchanga, akalelewa na wazazi wa Kiswidi kule Västerås. Watu madukani walimsemesha Kiingereza polepole, naye akawajibu Kiswidi cha Västerås hadi wakaona haya. Kikorea hakujua hata neno la kuombea maji. Mwaka ule alikuwa ameazima maktabani kitabu kinene cha wanyama wa masimulizi ya Kikorea, na alikisoma mezani huku akila mkate mkavu na jibini, akinisimulia kwa Kiswidi cha taratibu nami nikijibu kwa mchanganyiko wangu. Kulikuwa na kunguru wa miguu mitatu anayeishi ndani ya jua. Kulikuwa na dokkaebi, viumbe wa mzaha wanaotokana na vitu vikuukuu vilivyotupwa, hata fagio, na ambao wakikutana nawe njiani wanataka mshindane mieleka. Na kulikuwa na haetae: ana mwili wa simba lakini si simba, ana magamba, kengele shingoni, macho ya kutokeza. Anakula moto, kwa hiyo huwekwa alinde nyumba zisiungue. Tena anamjua mkweli na mwongo. Watu wawili wakigombana mbele yake, humvamia mwenye makosa. "Wapo wawili wa mawe mbele ya lango la kasri, Seoul," Annika aliniambia. "Nilikwenda mara moja. Nilikaa katikati yao nusu siku, nikingoja waniambie kitu." Nikamuuliza walimwambia nini. Akafunga kitabu. "Mchore wewe," akasema. "Mimi nikimchora anakuwa mbwa wa jirani."

Jambo hilo lilinikosesha raha. Mimi Mluguru, mnyama wa Wakorea, nchi ya Waswidi: kwa ruhusa ya nani? Annika naye alikuwa na hofu hiyo hiyo, na kwake iliuma zaidi, maana watu walidhani anavijua vitu hivi kwa damu. Nikalieleza suala zima jikoni kwa Mama Zuhura, nikiwa namenya vitunguu. Kwanza alitaka kujua kama ni jini. "Usinichoree jini ndani ya nyumba yangu, nasema mapema." Nikamwambia si jini, ni mlinzi, anakula moto na kuwajua waongo. Akakoroga sufuria. "Na ile korosho ya kwenye kanga, we mtoto, unadhani ilitoka Tanga? Ilikuja na Wahindi. Bibi zetu wakaivaa, wakazikwa nayo, leo nani atakuja kuninyang'anya? Kitu unakiomba kwa heshima, unakivaa kwa heshima, basi. Usimfanyie huyo mnyama wa watu mzaha, ndilo la msingi." Kisha akaniambia vitunguu vinamenywa, havichongwi.

Kwa hiyo niliamua: haetae kwenye kanga. Kanga yenyewe, doti nzima isiyokatwa, vipande viwili vilivyoungana kama vinavyotoka kiwandani, kila kimoja na pindo lake, mji wake wa katikati na jina lake, yale maneno ya chini. Mnyama mmoja huku, mwingine huku, wakitazamana kama walinzi wa lango. Wazo lilikuja lote kwa mara moja, nikiwa nimesimama kwenye treni ya chini ya ardhi ya laini nyekundu, na nilitabasamu hadi mzee mmoja akahama kiti. Lakini uso ulinishinda. Wiki nne nilichora simba. Annika alikuwa akija, anaangalia, anatikisa kichwa: "Huyo ni simba." Nikaongeza magamba. "Simba mwenye ugonjwa wa ngozi." Siku moja nilirudi nyumbani mapema nikiwa nimeharibu karatasi zangu zote. Mlango ulikuwa wazi, na Mama Zuhura yuko kwenye kigoda chake, anamhoji fundi wa bomba, kijana mrefu wa Kiswidi mwenye mfuko wa vifaa. Alikuwa amekunja mikono, pua imetanuka, macho yametokeza, na yule kijana alikuwa akimweleza kwa unyenyekevu kwa nini hakuja siku aliyoahidi. Nikasimama pale ngazini, nikatoa penseli. Nilichora nyuma ya bahasha. Kesho yake Annika alipoiona bahasha aliishika kwa mikono miwili. Sikumwambia yeye wala mtu mwingine uso ule nimeutoa wapi.

Kuchapa kulichukua mwezi. Kila rangi na fremu yake: nyeusi, nyekundu, na kijani cha bahari nilichokuwa nikikichanganya kwa kijiko hadi mkono unakufa ganzi. Unalaza fremu yenye wavu juu ya kitambaa, unamwaga rangi, unaikokota kwa mpira mara moja bila kusita. Ukisita, mstari unakaa pale milele. Mwalimu wetu, Gunilla, mwanamke mwema aliyevaa kijivu mwaka mzima, alipenda kila kitu isipokuwa maneno. "Picha inatosha yenyewe, Foibe. Maneno ya nini?" Nikamwambia kanga bila jina ni shuka. Tukabishana wiki nzima, na kwa sababu mimi ni kichwa kigumu, nilishinda. Chini ya kila mnyama nikachapa: MWENYE HAKI HAOGOPI MLINZI. Nilijivuna kwa ushindi huo. Sikufikiria kwamba nikishaliweka jina, kwa macho ya mwanamke yeyote wa pwani kile kitambaa si picha tena.

Rangi ile hushika kwa joto la pasi, na pasi ya shule ilikuwa ndogo, basi siku mbili kabla ya maonyesho nikaibeba doti yangu hadi Alby nikaipiga pasi kwenye meza kubwa ya kulia. Nikaikunja vizuri, nikaiacha mezani, na Alhamisi asubuhi nikaenda kazini. Nilikuwa nikifanya vibarua katika chumba cha kufulia nguo cha hospitali. Nilirudi saa tisa alasiri. Mama Zuhura hakuwa kwenye kigoda, na hilo peke yake lingenishtua. Alikuwa jikoni, amejifunga kanga mpya kiunoni. Mnyama wangu alikuwa juu ya nyonga yake, ananitazama. "Mwanangu," akasema kwa furaha, "leo ilikuwa zamu yetu ya mashine za kufulia kule tvättstuga, nikasema niifue pamoja na shuka, itoke gundi. Nimekata, nimepinda, tazama ulivyonyooka upindo huo! Rangi haikutoka hata chembe. Kazi safi." Nikauliza kipande cha pili kiko wapi. Hakuwahi kujibu, kwa sababu mlango uligongwa na Mama Furaha wa ghorofa ya saba, mama wa Bukavu, rafiki yake wa kila siku, akaingia akizunguka kama bi harusi. "Foibe, ona! Iko muzuri sana, vraiment! Na hii macho yake, mon Dieu, bwana yangu ataniogopa leo!"

Nilipiga kelele. Sioni fahari kuisimulia sehemu hii, lakini nilimwambia mwanamke aliyenilisha mwaka mzima kwamba ameniua, kwamba kazi ile ilikuwa ya kutundikwa ukutani nzima bila kukatwa, urefu wake umepimwa na umeandikwa kwenye karatasi ya jopo, kwamba ameikata meza yangu na kibali changu kwa mkasi wa jikoni. Mama Zuhura aliniacha nimalize. Uso wake ulinywea, kitu ambacho sikuwahi kukiona. "Doti si hukatwa?" akauliza polepole. Nani aliyenifundisha mimi mwenyewe kwamba kanga mpya inakatwa, inapindwa, inafuliwa, na kipande kimoja anapewa unayempenda? Kila mwanamke aliyewahi kunilea. Na niliiacha juu ya meza yake, ina pindo, ina mji, ina jina, bila kumwambia neno. Mama Furaha alikuwa ameanza kuifungua yake kiunoni ili anirudishie, na hapo ndipo nilipolia kwelikweli.

Nilimpigia Annika kwa simu ya mlangoni, nimekaa kwenye kigoda cha Mama Zuhura. Nilidhani atanihurumia. Alicheka, akacheka hadi nikataka kukata simu. Kisha akauliza, "Foibe, pale Seoul, langoni, wapo wangapi?" Wawili, nikasema. "Wamegongomewa ukutani?" Nilisikia jikoni Mama Furaha akimbembeleza mwenzake kwa Kiswahili cha Bukavu. "Wamekaa mlangoni," Annika akasema, "na kila anayeingia anapita katikati yao. Hao mama wawili kesho wana kazi?" Nikaweka simu chini, nikaenda jikoni, nikapiga magoti kwenye sakafu ya plastiki nikamwomba Mama Zuhura msamaha. Kisha nikamwomba neno la pili: kesho yeye na mwenzake wasimame mlangoni pa maonyesho, wamevaa. Akakaza kanga yake kiunoni. "Tutasimama," akasema. "Lakini mtuwekee viti. Mimi si jiwe."

Maonyesho yalifunguliwa saa kumi na mbili jioni, Juni, jua bado liko juu kama la saa tisa. Gunilla alikuwa ameona ukuta wangu mtupu, wenye kibandiko tu cha namba saba, na akanivuta pembeni. "Haiwezekani, Foibe. Karatasi inasema kitambaa kimoja, ukutani." Nikamwomba angoje. Mlangoni, kwenye viti viwili vya mbao, upande huu na upande huu, walikaa Mama Zuhura na Mama Furaha, mikono kifuani, haetae mmoja kila kiuno, wakitazamana kama nilivyowachapa. Kukaa tu nilidhani kutatosha. Lakini mtu wa kwanza alipotokea, Mama Zuhura alinyoosha mkono kama kizuizi cha barabarani. "Vem är du?" Wewe nani? Bwana yule akajitaja, na kazi yake, na kwa nini amechelewa ilhali hakuna aliyemuuliza. "Haya, gå in," akapitishwa. Na hivyo hivyo kwa wote. Watu walikuwa wanajipanga mstari. Walicheka wakiwa wanangoja, lakini wakifika mbele ya macho manne yale walinyooka na kusema ukweli. Mwanamume mmoja alikiri kwamba amekuja kwa ajili ya mvinyo tu, na Mama Furaha akampitisha kwa sababu ya ukweli wake. Kisha akaja Annika, amevaa gauni la bluu, amebeba maua. Alifika katikati ya viti viwili akasimama, na hakuendelea. Mama Zuhura akauliza swali lake. Annika akafungua mdomo, asiwe na la kusema. Swali lile lilikuwa limemkuta hata mbele ya mawe, na kule hakujibiwa. Mama Zuhura akamshika mkono, akasema kwa Kiswahili, polepole, "Wewe pita, mwanangu. Wewe wa humu." Nikamtafsiria. Annika alilia bila kuficha, akacheka, akaniomba nimfundishe kulitamka neno lile.

Jopo lilikuwa la watu watatu, na walizunguka ukumbi na karatasi zao hadi kwenye ukuta wangu mtupu. "Kazi namba saba iko wapi?" mmoja akauliza. Tangu asubuhi nilikuwa nimeandaa hotuba ndefu ya Kiswidi kuhusu doti na mapindo, na yote ikanitoka kichwani. "Mmeshapita katikati yake," nikasema. Waligeuka wote watatu kuutazama mlango. Wakarudi, wakatoka nje, wakasimama mstarini ili waingie upya, na yule mwenyekiti wao, mama mwenye mvi fupi, alimwambia Mama Zuhura jina lake kamili kana kwamba yuko mahakamani. Meza nilipewa mimi. Gunilla ndiye aliyenikabidhi ufunguo, na alisema mbele ya watu kwamba yeye ndiye aliyepinga maneno na kwamba alikosea. Nilipiga vigelegele mwenyewe, sikungoja mtu anipigie. Mama Furaha akavidaka, Mama Zuhura akavimalizia, na ukumbi mzima wa Waswidi waliovaa kijivu ukapiga makofi bila kujua sauti ile inaitwaje. Tangu hapo nimemchapa kunguru wa miguu mitatu, nimemchapa dokkaebi na fagio lake, na kanga zangu zimevaliwa harusini Rinkeby na kutundikwa katika kumbi ambazo zamani nisingethubutu kuingia. Sijawahi kuuza doti iliyokatazwa kukatwa.

Haya yote yalikuwa yakinipita kichwani Jumamosi nikiwa na sahani ya biriani magotini. Mama Furaha alikuwa amekuja kwa treni kutoka Norrköping anakoishi sasa na mwanawe, na yeye pia amevaa cha kwake. Nikasogeza kiti karibu na Mama Zuhura. Nikamwambia kuna jambo sijawahi kumwambia miaka yote hii, kuhusu uso wa yule mnyama. "Uso wangu," akasema, akichagua kipande cha nyama. Nikakodoa macho. "Ulidhani siujui uso wangu? Nauosha kila alfajiri. Niliutambua siku ile ile nilipoikunjua pale mezani. Nikasema, mtoto kanichora, basi acha nimvalie. Ndiyo maana nikakata. Ningejua mnataka kunigongomea misumari ukutani, ningekata vipande vinne." Nilicheka hadi machozi yakanitoka, na baadhi yake hayakuwa ya kicheko.

Mlango ukafunguliwa tena, baridi ikaingia, na Mama Zuhura akanigusa goti. "Mwenzangu magoti yanamsumbua. Nenda kashike upande wa pili wa mlango." Mama Furaha alikuwa ameshaivua kanga yake ananinyooshea. Nimechapa wanyama hawa maisha yangu yote, na sikuwahi kujifunga hata mmoja. Nikajifunga. Kitambaa kilikuwa laini kama kitu kilicholelewa. Nikasimama mlangoni, nikakunja mikono, nikatokeza macho, na aliyekuwa anaingia alikuwa Annika, nywele nyeupe, maua mkononi, amechelewa kuliko mimi. "Vem är du?" nikamuuliza.

Akanyooka mbele yetu. "Mimi," akajibu kwa Kiswahili, bila kukosea, "wa humu."